Harusi Yangu na Cheo cha Baba

Baba yangu alikuwa na majina mawili Temeke, na yote mawili aliyapata wakati wa vita. Waliompenda walimwita Bwana Ulinzi. Wasiompenda walimwita Bwana Giza, ila si mbele yake. Mie nimeliitikia hilo la pili zaidi. Mtu akitaka kujua mie ni nani huwa haulizi jina langu, huuliza, "Wewe ndiye binti wa Bwana Giza?" Nami huinamisha uso na kusema ndimi.

Hakuzaliwa na cheo. Vita vya kwanza, vile vya Mjerumani, vilimkuta kijana anatoka kisimani. Askari walimkamata njiani, wakamfunga kamba pamoja na wenzake, wakampeleka kusini kubeba mizigo ya jeshi. Tulipokuwa watoto alikuwa akivua shati atuonyeshe bega lake la kulia, mahali ngozi ilipokuwa nyeusi na ngumu kama unyayo. "Hapa palikaa sanduku la risasi," alikuwa akisema, nasi tukiligusa kwa zamu. Wengi aliokwenda nao hawakurudi. Yeye alirudi amekonda, amevaa gunia, na bibi yangu hakumtambua mpaka alipotoa sauti.

Mwingereza alipoingia, Baba akapata kazi ya utarishi bomani. Hakusoma ila chuoni kwa mwalimu wa Kurani, lakini alijua kusimama mbele ya mzungu, hajikunyati wala hajivuni. Kwa tabia hiyo akapanda mpaka akapewa cheo cha jumbe wa upande wetu. Temeke ya wakati ule ilikuwa minazi na mihogo, nyumba hapa na pale, na njia ya mchanga. Alikuwa jumbe mwema, hilo naweza kulisema bila kusitasita. Kesi ya mpaka aliiamua baada ya kwenda mwenyewe kuuona mti unaogombewa, na mwanamke aliyeachwa bila haki yake alijua aende kwa nani.

Vilipozuka vita vya pili, Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, alimwita bomani. Alirudi na koti la kaki lenye vifungo vya shaba, filimbi, na cheo kipya. Alikaa ukumbini akatueleza, koti bado kalivaa ingawa jasho lilikuwa likimtiririka. Yeye ndiye atakayesimamia ulinzi wa upande wote wa kusini mwa mji. Taa za jioni zisionekane baharini. Wageni wasiojulikana waripotiwe. Na vijana wa kwenda jeshini na kwenye kazi za vita wapatikane.

Mama akauliza, "Wapatikane vipi?"

"Kwa hiari," Baba akasema.

Mama akaenda kuangalia chungu chake jikoni.

Mwanzoni watu waliicheka kazi yake. Jua likizama alikuwa akipita na filimbi, akiamuru moto uzimwe na milango ifungwe. Jioni moja alimwagia maji jiko la mwanamke aliyekuwa akipika vitumbua barazani, unga wote ukaharibika. Kesho yake watu walikuwa wakiulizana, "Kwani Mjerumani naye anakula vitumbua?" Hapo ndipo lilipozaliwa jina la Bwana Giza. Baba mwenyewe alipolisikia alicheka, kisha akampelekea yule mwanamke unga mwingine.

Kicheko kilikatika amri za kutoa watu zilipoanza kuja. Waliotaka kwenda jeshini walikuwa wamekwisha kwenda. Sasa serikali ilitaka watu wa mashamba ya mkonge na ya mpira, maana vita vilihitaji kamba na magurudumu, na kazi hiyo hakuna aliyeitaka. Hiari ikaisha, Baba akaanza kuchagua. Mwenye watoto wengi alimwacha. Mwenye ndugu wakubwa wa kwenda kulalamika bomani alimwacha pia. Waliokwenda ni wapangaji waliotoka bara, wasio na mtu wa kuwasemea, na vijana waliopata kumjibu vibaya. Wenzao walipoona hivyo wakahamia porini, ng'ambo ya mabonde ya mpunga. Walilala huko, wakawa wanakuja mchana kwa kunyatia, wanakula chakula cha mama zao wamesimama.

Kwetu hatukukosa kitu. Wanawake wa jirani walikuwa wakivaa kaniki zilizotoboka, na mchele ulikuwa ukitolewa kwa kipimo. Sie tulikula wali tulipoutaka. Sikujiuliza unatoka wapi. Nilikuwa mwali, nimeposwa na kijana wa Msasani aliyekuwa karani forodhani, na mawazo yangu yote yalikuwa kwenye harusi.

Somo yangu, yaani mwanamke aliyenifunda tangu nilipovunja ungo, alikuwa jirani yetu. Alikuwa mjane, mtu wa maneno machache, na mkono wake ulikuwa mwepesi kwa hina na piko. Alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana aliyepiga tari vizuri kuliko wote upande ule. Tulikua naye ua mmoja. Aliniita dada ingawa umri wetu ulilingana, na nilipofungiwa ndani kama walivyofungiwa wanawali, ndiye aliyekuwa akinipitishia machungwa dirishani. Naye alikuwa mmoja wa waliolala porini.

Harusi ilipokaribia, Baba alituma watu mpaka Mtoni na Keko kutangaza kwamba siku ya harusi ya binti yake hakuna kijana atakayeguswa. Barazani aliwaambia wazee, "Harusi ni amani. Waje wale, wacheze, warudi zao." Watu walimjua kwa kutimiza neno. Somo yangu alikuja kunieleza, na ndiyo mara ya pekee kipindi kile niliyomwona akicheka mpaka meno yakaonekana. Alisema, "Mwanangu atakupigia tari. Atakuja mchana kweupe kama mtu."

Siku yenyewe nyumba ilijaa. Mchele uliletwa kwa gari la ng'ombe, magunia kwa magunia, na mbuzi walichinjwa tangu alfajiri. Harufu ya pilau ilienea mpaka barabarani, na mie chumbani nilikuwa nikiringa moyoni kwamba vita vyote hivi na harusi yangu ndiyo hii. Wageni kutoka Msasani walipofika, Baba aliwaelekeza mwenyewe. Hakuwaketisha chini ya banda la makuti pamoja na watu wa Temeke. Aliwapeleka ndani, ukumbini na uani, akisema wakwe hawakai juani.

Nikaha ikafungwa. Somo yangu alikuwa amenichora mkono wa kulia na ameanza wa kushoto. Nje tari lilikuwa likilia, tukamjua mpigaji bila kumwona. Somo alikuwa akitikisa kichwa kidogo kidogo kufuata mdundo. Kisha tari likakatika katikati ya wimbo. Ikalia filimbi.

Niliijua filimbi ile. Ilikuwa ikinifungisha milango kila jioni.

Msichana mmoja akaingia mbio akasema, "Wanakamatwa. Askari wametokea kila upande." Somo alitupa kijiti cha piko, bakuli likamwagika mkekani, akatoka bila viatu. Nilitaka kumfuata, wanawake wakanishika, bibi harusi hatoki. Nilisikia vyungu vikivunjika, na vilio vya akina mama, na sauti ya Baba ikisema kwa utulivu, "Taratibu, taratibu. Hakuna atakayeumizwa." Vijana walikamatwa mikono ikiwa bado ina mafuta ya pilau. Walipangwa mstari barabarani, wakapelekwa mjini, na mama zao wakiwafuata nyuma.

Watu wa Msasani hakuna aliyeguswa. Walibaki ukumbini na sinia mbele yao. Mjomba wa mume wangu, mtu mzima, akasimama akamwambia Baba, "Bwana, umetulisha chambo."

Baba akajibu, "Kula, mkwe. Mambo ya serikali hayakuhusu."

Hawakula. Walikaa wakisubiri jua lipungue wanichukue.

Alasiri somo yangu alirudi. Alikuwa amewafuata mpaka alipozuiwa na askari kuingia mjini. Miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini, na kitambaa cha kichwani hakikuwepo. Alikoroga piko jipya, akaketi, akauchukua mkono wangu wa kushoto. Nilikuwa nalia, machozi yanadondoka juu ya mchoro, akawa anayafuta kwa ncha ya khanga na kuendelea. Alipomaliza alisema, "Bibi harusi hatoki na mkono mmoja." Akanawa, akaondoka. Tangu siku hiyo hakuingia tena nyumbani kwetu Baba akiwa hai.

Nilikwenda kwa mume na aibu yangu. Mume wangu alikuwa mpole, hakunitaja kwa lolote. Lakini habari hufika. Shughuli ikitokea Msasani na sinia zikiletwa, hakukosekana mwanamke wa kuuliza, tena kwa sauti ya utani, "Pilau hili ni la salama, au la Temeke?" Wenzake walicheka. Mie nami nilicheka, maana ningefanya nini? Ikafika mahali nikawa naumwa kichwa kila nikialikwa.

Habari ya yule kijana ililetwa na mwenzake aliyetoroka shambani. Walipelekwa kwenye mpira, huko milimani kwenye baridi na mvua. Alishikwa na homa ya kifua, akafa. Sanda haikupatikana, nguo zilikuwa adimu, wakamzika na gunia. Niliposimuliwa hivyo nilikumbuka namna Baba alivyorudi kwa bibi yangu, nikashindwa kukaa. Nilimwomba mume wangu ruhusa, nikaenda Temeke.

Nilimkuta Baba amekaa kwenye kiti chake cha uvivu. Nilimwamkia, shikamoo, akaitikia. Nikabaki nimesimama.

"Yule mtoto amekufa," nilimwambia.

"Nimesikia. Mungu amrehemu."

"Baba, ulijua kwamba watakuja siku ile?"

Alijiweka sawa kitini. Kisha akasema, "Niliambiwa nisipotoa watu mwezi ule, ataletwa mtu mwingine mahali pangu, mgeni, asiyejua nani ana watoto na nani hana. Angekomba wote. Vijana walikuwa porini. Ningewapata wapi wakiwa pamoja?"

"Na ule mchele?"

"Ulitoka bomani."

Aliyasema hayo waziwazi, kama mtu anayetoa hesabu ya kazi iliyokwisha. Nilikuwa nimejiandaa akane. Nilikuwa hata nimepanga namna ya kumwamini akikana.

"Wewe mwenyewe ulichukuliwa," nikamwambia. "Ulitoka kisimani. Umetuonyesha bega maisha yetu yote."

"Ndiyo," akasema. "Na mie nilirudi. Nilijua mtu akienda hurudi. Nilidhani atarudi."

Mama alikuwa mlangoni, akanipa ishara niache. Niliacha. Nilimbusu mkono kwa kuaga, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na njia nzima nilikuwa naifuta midomo yangu kwa khanga.

Vita vilipokwisha, Baba alivishwa nishani mbele ya boma. Tulikwenda wote, tumevaa nguo mpya. Mzungu mmoja alisoma kwa Kiswahili chake kwamba mtu huyu ameulinda mji, na kwamba ng'ambo nzima ya kusini hapakuwa na jumbe aliyetimiza amri kama yeye. Watu wa mjini walipiga makofi. Watu wa Temeke walikuwepo pia, na nilimwangalia kila mmoja mikono yake. Wengine walipiga. Mzee mmoja jirani yetu alipiga kwa nguvu huku machozi yakimlengalenga. Alikuwa na wana wakubwa, na hakuna aliyeondoka. Baadaye alinijia akanishika bega. "Baba yako alituachia watoto wetu, mwanangu. Sie hatutamsahau."

Nilitaka kumshukuru, lakini yakanitoka maneno mengine. "Mzee, walikwenda watoto wa nani badala yao?"

Aliondoa mkono wake. Hakunisalimu tena mpaka alipokufa.

Miaka ile ya mwisho, siasa ilipoanza kupamba moto na vijana kuhutubia viwanjani, Baba aliona mengine. Walimwita kibaraka, safari hii mbele yake. Akienda kukaa barazani kwa muuza kahawa, watu walikuwa wakiaga mmojammoja, huyu ana udhuru, yule ameitwa nyumbani, mpaka abaki yeye na birika. Hakulalamika. Alikunywa kikombe chake, akalipa, akarudi. Kuna siku nilikuwa nimekwenda kumtazama, nikamwona kwa mbali amekaa vile peke yake, mgongo umenyooka kama yuko kwenye gwaride. Moyo uliniuma kwa huruma, na papo hapo nikaona haya kwa huruma hiyo, kana kwamba nimemwibia mtu kitu.

Alikufa kipindi cha joto kali, baada ya kuugua kidogo. Nyumba ikajaa tena. Wengine walikuja kumlilia, wengine walikuja kuhakikisha. Alipokwisha oshwa na kukafiniwa, jeneza likawekwa ukumbini, na mdogo wake Baba akasimama mlangoni kusema yale yanayosemwa kwa kila maiti. Kama kuna anayemdai marehemu, ajitokeze kwa warithi wake, au amsamehe.

Kukawa kimya kidogo, ule ukimya wa kawaida. Kisha kutoka kwetu wanawake, sauti ikasema, "Namdai mie."

Alikuwa somo yangu. Sikuwa nimemwona akiingia. Alikuwa amezeeka, amejitanda kaniki, amesimama akishikilia nguzo ya uani.

Baba mdogo akasema, "Unadai nini, dada? Sema, tutalipa."

"Namdai mwanangu."

Imamu, aliyekuwa amekaa karibu na jeneza, akamwambia kwa upole, "Hilo halilipiki na sie, dada yangu. Msamehe kwa ajili ya Mungu, naye ana safari mbele yake."

Akajibu, "Angeniomba ningemsamehe. Nimekaa jirani naye miaka yote hii, ukuta kwa ukuta. Hakuniomba."

Hapo wanaume wakaanza. Mmoja akasema mama yule anamdhalilisha maiti. Mwingine akasema acheni aseme, wengi hapa wana yao. Mwingine akasema kama si marehemu wangechukuliwa wote, hata nyinyi mnaosema. Kijana mmoja ambaye baba yake alipelekwa kwenye mkonge akasema hatainua jeneza, amekuja kushuhudia tu. Kaka yangu akamfuata akimshika kifua. Wakatenganishwa. Maiti yupo pale katikati, shuka jeupe juu yake, na watu wanabishana kama kwenye mnada.

Nilinyanyuka nikamwendea somo yangu, nikapiga magoti, nikashika miguu yake. Nilitaka kusema kitu. Tangu nilipoolewa nilikuwa nimeyatunga maneno hayo, nikayatengua na kuyatunga upya, na sasa hata moja halikuja. Nililia tu. Akaniwekea mkono kichwani.

"Wewe sikudai," akasema. Kisha akapaza sauti kidogo, wanaume nao wasikie. "Mpelekeni. Jua linapanda, na maiti hasubirishwi."

"Umemsamehe?" akauliza Baba mdogo.

"Nimesema mpelekeni."

Wakampeleka. Alizikwa na deni hilo, na kila mtu aliyerudi makaburini alilijua.

Mwaka uliofuata zahanati ndogo ilijengwa Temeke, na bomani wakaamua iitwe kwa jina la Baba, kwa kumbukumbu ya kazi yake ya vita. Kaka yangu ndiye aliyeshughulikia. Kibao kikapigiliwa. Haikupita wiki kikakutwa kimepakwa lami. Kaka akakisafisha kwa mafuta ya taa. Kikapakwa tena, mara hii kwa kinyesi cha ng'ombe. Akakisafisha tena, na mwisho kikang'olewa kabisa kisionekane.

Wakati huo tulikuwa tumehamia Kawe, mume wangu amejenga huko. Kaka alikuja kwa baiskeli, amelowa jasho, akataka niende naye bomani. Alisema tukienda wawili, watoto wote wa marehemu, watatuwekea kibao kingine na mlinzi.

Nilimpa maji akanywa. Nikamwambia siendi.

"Unamwonea haya baba yako?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Aliyekulisha, aliyekuvika, aliyekuoza kwa harusi ambayo haijaonekana nyingine?"

Nadhani mwenyewe alisikia alichokisema, kwa sababu aliangalia chini. Tukakaa. Watoto wangu walikuwa wanacheza nje, na mkubwa akachungulia kumwamkia mjomba wake, kisha akatoka.

"Walikuwa wanamtaka mtu wa kumlaumu," kaka akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Mzungu yuko mbali. Yeye alikuwa karibu."

"Ni kweli," nikasema. "Na filimbi ni nani aliyeipuliza?"

Aliomba maji tena, akanywa, akapanda baiskeli yake. Hakwenda bomani, wala mie hakuniletea tena habari hiyo. Idi ilipofika alikuja na mkewe na watoto, tukala, tukazungumza juu ya bei ya nazi na shule za watoto. Walipoondoka, mwanangu mkubwa aliniuliza kwa nini mjomba na mie hatumtaji babu. Nikamwambia aketi. Nilianza kumsimulia kutoka kisimani, siku Baba alipofungwa kamba, kwa sababu sikutaka amjue kwa harusi yangu peke yake. Lakini harusi nayo nilimsimulia, yote, na nilipofika hapo nilishindwa kumtazama usoni.